Sonona imenirudia mara ya tatu, na safari hii hakuna kilichonipata

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, naishi Ngamiani hapa Tanga, nina watoto wawili. Nilipojifungua wa kwanza nilikaa miezi nalia, silali, mtoto namwona kama wa mtu mwingine. Ikaisha yenyewe. Baba alipofariki ikanirudia. Hospitali wakanipa amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja usiku. Nilipopata nafuu nikaacha, nikakaa miaka mitatu mzima wa afya. Sasa imerudi, na safari hii sijafiwa wala sijajifungua, mume wangu mwema, Idi tumeila vizuri, kazi zilikuwa nyingi mpaka nashona hadi daku. Wifi yangu anasema nina jini. Nimepungwa, nimekunywa kombe. Wengine wanasema imani yangu ndogo. Kwa nini inarudi bila sababu? Nitameza vidonge maisha yangu yote? Na mtoto wa tatu niliyekuwa namtamani, ndiyo basi? Wakati mwingine natamani nilale nisiamke."

Marahaba dada yangu, na pole. Umeuliza mambo matatu, lakini mimi naanza na ile sentensi ya mwisho uliyoiweka chini kabisa kana kwamba ni jambo dogo.

Kutamani kulala usiamke ni dalili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kama ilivyo kukosa usingizi au kukosa hamu ya kula. Hujakufuru, na wala haina maana kwamba huwapendi wanao. Lakini dalili hii ina ngazi. Kuna kuchoka tu na kutamani kupumzika na kila kitu. Kuna kuwaza namna ya kujidhuru. Kuna kuanza kujiandaa. Ukijiona umevuka ile ngazi ya kwanza, usingoje siku ya kliniki: mwamshe mumeo usiku huohuo, mwende Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu, na ukifika sema waziwazi kilichokupeleka. Usiseme "kichwa kinauma", maana utapewa dawa ya kichwa. Na leo hii, vidonge vyote vilivyomo nyumbani vikabidhi kwa mumeo au ndugu unayemwamini, akupe cha siku husika. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mpigo huvuruga mapigo ya moyo na huua, kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyeokota vidonge kwenye droo. Mumeo naye asiogope kukuuliza, "Je, leo umewaza kujidhuru?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Wagonjwa wengi huniambia kwamba kuulizwa kuliwapa nafasi ya kupumua.

Sasa swali lako kubwa: kwa nini inarudi, tena bila sababu.

Sonona ni ugonjwa wenye tabia ya kujirudia. Katika watu walioupata mara moja, karibu nusu huupata tena. Waliopata mara mbili, kama asilimia 70 hupata ya tatu. Baada ya mara tatu, uwezekano wa kurudi ukiachwa bila tiba ya kinga hufika kama asilimia 90. Sikuandikii hesabu hizi kukutia hofu. Nakuandikia kwa sababu wanaokuambia imani yako ndogo wanadhani mtu mwingine yeyote angepona mara moja, ikaisha. Haiko hivyo, na waumini wazuri kabisa, masheikh na mapadri, huugua na huugua tena.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wameliona kwa miaka mingi, na linajibu barua yako moja kwa moja. Mara ya kwanza sonona huja mara nyingi kwa kishindo: uzazi, msiba, talaka, kufilisika. Kadiri inavyorudi, kishindo kinachohitajika hupungua. Ni kama maji ya mvua uani: yakishachimba njia yao mara mbili, mvua ndogo tu nayo hupita palepale. Kwa hiyo "hakuna kilichonipata" ni jambo la kawaida katika kipindi cha tatu, na halithibitishi kwamba kuna mkono wa mtu.

Ila mimi siamini sana kwamba hapakuwa na chochote. Umeniandikia mwenyewe: ulikuwa unashona hadi daku. Fundi wa Ngamiani kabla ya Idi najua anavyoishi. Vitambaa vinaletwa siku za mwisho, kila mama anataka sare za wanawe, usingizi wako ni wa saa tatu au nne tu kwa usiku, mwezi mzima. Kukosa usingizi ni dalili ya sonona, lakini pia ni moja ya vitu vinavyoiwasha, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua. Na ukumbuke vipindi vyako vya mwanzo: mtoto mchanga hakukulaza, kisha matanga ya baba hayakukulaza. Mimi naona uzi mmoja unapita hapo.

Nataka uhakikishe. Fungua daftari lako la vipimo vya wateja, lile unaloandika kifua, kiuno, mabega na siku ya kuchukua nguo. Tafuta ukurasa ulipoanza kusukuma siku mbele, "njoo kesho, njoo Jumamosi", au mahali ulipoacha kuandika kabisa. Nadhani utakuta ilianza wiki kadhaa kabla hujajiambia kwamba unaumwa. Ukiwa na daftari la kile kipindi cha pili, litafute pia. Na unapolinganisha, usitazame miezi ya Januari hadi Desemba peke yake. Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo jambo linalofuata Ramadhani litaonekana halina mpango wowote kwenye kalenda ya ukutani. Kuna watu wa Ulaya ya kaskazini ambao sonona huwajia kila majira ya baridi kwa sababu mchana wao huwa mfupi mno. Sisi Tanga tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana mrefu na mfupi wa mwaka havipishani hata saa moja, kwa hiyo chetu tukitafute kwenye usingizi, kwenye mfuko na kwenye misiba kabla ya kulaumu upepo wa kusi.

Nasaba nayo imo. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kwamba kama asilimia 40 ya hatari ya sonona hutokana na urithi, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua hatari yake ni mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Waulize wazee wako taratibu. Hawatasema "sonona". Watasema shangazi fulani alikuwa mtu wa kujifungia ndani, au bibi fulani alirogwa akawa haongei. Sikiliza hizo hadithi.

Kuhusu dalili, nitasema kwa ufupi kwa kuwa unazijua kuliko mimi. Tunasema ni sonona pale ambapo huzuni, au kukosa raha na vitu ulivyovipenda, vinakaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, pamoja na mambo kama kuamka alfajiri usirudie usingizi, kula kupungua au kuzidi, kuchoka bila kazi, akili kutotulia, mwendo na maneno kuwa mazito, kujiona huna thamani na kujilaumu. Tunasema imejirudia iwapo kati ya kipindi na kipindi ulikaa miezi kadhaa mzima kweli, kama miaka yako mitatu. Jambo ambalo huwapoteza wengi hapa kwetu ni kwamba ugonjwa huzungumza kupitia mwili. Kichwa kizito, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka, mgongo, ganzi. Mtu anapimwa malaria, anatibiwa taifodi, kisha UTI, kisha taifodi tena, mwaka unaisha, na hakuna aliyemuuliza kama analala. Wanawake huugua sonona karibu mara mbili ya wanaume, lakini wanaume wengi hujificha ndani ya pombe na hasira, na familia huona ukorofi tu.

Kabla hujaanzishiwa dawa tena, kuna vitu viwili lazima vifanyike. Kwanza, vipimo: wingi wa damu, tezi ya shingoni, sukari, na VVU kama hujapima karibuni. Upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uchovu na huzuni vinavyofanana sana na sonona. Ukiwa unatumia dawa nyingine yoyote, itaje, kwa sababu zipo zinazoshusha moyo. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye ARV za zamani, ilikuwa mojawapo. Pili, daktari akuulize kama umewahi kuwa na siku za kinyume kabisa: umechangamka kupita kiasi, unalala kwa saa mbili tu na huchoki, unaongea mfululizo, unatumia fedha ovyo, watu wanakushangaa. Asipouliza, mwambie mwenyewe. Kama siku hizo zimewahi kuwapo, huo ni ugonjwa mwingine, na vidonge vya sonona vikitolewa peke yake vinaweza kumrusha mtu juu vibaya.

Wifi yako na jini. Sina ugomvi na dua, wala na kombe. Wagonjwa wangu wengi husoma Kur'ani au huombewa kanisani, na inawapa utulivu ambao mimi siwezi kuuandika kwenye cheti cha dawa. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni kuambiwa utupe vidonge ili "visimzuie jini", kufungwa, kupigwa, kunyimwa chakula, au kunyweshwa dawa za miti ambazo hakuna ajuaye kilichomo huku ukiwa na amitriptilini mwilini. Mwambie wifi yako hivi: "Nilipokwisha kupungwa, ile wiki ya kwanza nilijisikia nafuu, kisha ikarudi palepale. Nataka na hospitali pia." Anakupenda, ndiyo maana anahangaika. Mpe kazi ya kukusaidia: akupeleke kliniki.

Vidonge. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo palipokukwamisha.

Ulipewa amitriptilini ya miligramu 25, ukabaki hapo. Kiwango hicho ni cha kuanzia. Kinasaidia usingizi na maumivu ya mishipa, lakini kwa sonona ya mtu mzima dawa hiyo kwa kawaida huongezwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mpaka kati ya miligramu 75 na 150. Yawezekana kabisa kwamba kipindi cha pili hukutibiwa ipasavyo, ukapata nafuu ya usingizi na muda ukafanya lililobaki. Usijiongezee mwenyewe! Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho huenda isimfae kabisa, na kila kiwango kinapopanda, kinywa kukauka, choo kigumu na kizunguzungu ukisimama ghafla vinaweza kupanda nacho. Mwombe daktari mzungumzie pia fluoksetini, ambayo ni salama zaidi mtu akizidisha, na huwa unameza mara moja kwa siku. Hiyo huanza na kichefuchefu na kichwa kwa siku chache, na huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Hilo la mwisho watu huona haya kulisema, wakaacha dawa kimyakimya. Liseme, lina ufumbuzi.

Dawa zote hizi hutangulia kuleta maudhi, kisha faida. Nafuu huanza wiki ya pili hadi ya nne, na nguvu kamili huonekana wiki ya sita hadi ya nane. Aliyeacha siku ya kumi kwa kuwa "haifanyi kazi" hakuijaribu.

Kisha linakuja kosa ambalo karibu kila mgonjwa hulifanya, na wala simlaumu, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyemweleza: kuacha dawa siku unapojisikia mzima. Kupona na kubaki umepona ni matibabu mawili. Mwaka 2003 yalikusanywa matokeo ya majaribio 31 yenye wagonjwa zaidi ya 4,400 waliokuwa wamepata nafuu. Kati ya waliobadilishiwa vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani, asilimia 41 waliugua tena. Kati ya walioendelea na dawa, asilimia 18. Kwa mtu wa kipindi cha kwanza tunashauri aendelee angalau miezi sita hadi mwaka baada ya kupona. Kwa wewe uliye katika kipindi cha tatu, ningependa uendelee si chini ya miaka miwili tangu siku utakapokuwa mzima, kwa kiwango kilekile kilichokuponya, kisha ukae na daktari wako mpime upya. Hilo ndilo jibu la "maisha yangu yote?" Pengine hapana. Wapo wanaoendelea zaidi, hasa waliougua vibaya sana, na wanaishi, wanashona, wanalea.

Dawa hizi hazina uteja. Hutazitamani wala hutahitaji kuongeza kila mwezi. Lakini ukizikata ghafla mwili unashtuka: kizunguzungu, ndoto za ajabu, kichefuchefu, kama shoti ya umeme kichwani. Zipunguzwe polepole, kwa wiki nyingi au miezi. Ramadhani nayo si kikwazo. Amitriptilini ni ya usiku, na fluoksetini unaweza kuimeza wakati wa daku au baada ya futari. Ukiwa umezidiwa, dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Vidonge peke yake havitoshi. Tiba ya mazungumzo ina nguvu sawa katika sonona ya wastani, na ina faida moja kubwa: mtu akijifunza, hubaki nayo hata baada ya kumaliza vikao. Wengi hudhani hili ni jambo la wazungu wenye nafasi. Ushahidi mmoja mzuri kuliko yote ulitoka jirani, Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Vijiji 30, vikundi vya wanawake na vya wanaume, wiki 16, kikao kimoja kwa wiki cha saa moja na nusu, kikiongozwa na watu wa kawaida wa hapohapo waliofundishwa. Walizungumza misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Mwisho wake, waliobaki na sonona kubwa katika vikundi walikuwa kama asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata vikundi kama asilimia 55. Kule Zimbabwe wapo mabibi waliofundishwa kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na kazi yao imefika hadi Zanzibar.

Kwa hiyo Bombo uliza kitengo cha afya ya akili, na uliza kama kuna vikao, si dawa tu. Wakati unasubiri, rudi kwenye kikoba chako. Najua umeacha kwenda, wagonjwa wote huacha. Huna haja ya kueleza lolote, kaa tu nyuma. Na kuhusu baba yako, nina hisia kwamba hukumlilia ukamaliza. Hilo lifungue mbele ya mshauri.

Kazini, usingoje hamu irudi ndipo ukae kwenye cherehani. Katika ugonjwa huu tendo hutangulia, hamu hufuata. Lakini usianze na gauni la harusi. Leo pinda pindo la sketi moja, uzime. Kesho vifungo vya shati la mwanao. Kazi ngumu mpe fundi mwenzio kwa muda, na wateja waambie tarehe ya kweli. Jioni mshike mtoto mkono mtembee, hata mpaka Raskazone mpigwe na upepo wa bahari. Kutembea kwa haraka mara kadhaa kwa wiki hupunguza sonona.

Utakapopona, nyuma ya lile daftari la vipimo andika dalili zako za kwanza, zako wewe, si za kitabu. Labda ni kuzima simu ya wateja. Labda ni kuamka saa tisa ya usiku, au kukunja kitambaa kilicholetwa na kukiweka bila kukifungua. Mumeo azisome. Mkubaliane kabisa: mbili zikitokea kwa wiki moja, kliniki. Na Ramadhani ijayo mwisho wa kupokea vitambaa uwe mapema, na usiku ukifika saa nne cherehani ifunikwe. Utapoteza fedha, nakubali.

Najua jina la Lutindi hutisha baadhi ya watu wa mkoa wetu, kwamba ukitaja akili tu utapandishwa mlimani Usambara. Hospitali ile, iliyoanza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliookolewa utumwani, imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na imewarudisha wengi kwao. Lakini wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa wakilala nyumbani kwao, na kwa ulivyonieleza, nawe ni mmoja wao.

Mtoto wa tatu si ndoto iliyokufa. Uliugua baada ya uzazi wa kwanza, na hujaniambia lolote baya kuhusu wa pili, hilo lenyewe ni habari njema. Ila upone kwanza, ukae imara kwa muda, na uzungumze na daktari kabla ya kushika mimba, si baada ya kukosa siku zako, kwa sababu wanawake wengi huacha dawa ghafla wakijua wana mimba, na hapo ndipo wanapoanguka. Zipo dawa, setralini kwa mfano, ambazo wanawake wengi wametumia wakiwa wajawazito na wakinyonyesha. Daktari atakupimia faida na hatari yake kwako. Na zile siku 40 utakapokuwa ndani, zipangieni mapema. Mama yako au wifi amlete mtoto anyonye, kisha amchukue chumba kingine, ili kila usiku upate saa nne au tano za usingizi bila kukatishwa. Anza kumzoesha wifi wazo hilo sasa.